Mtu Aliyetutoa Nyumbani Jua Likiwaka

Alikuwa anakuja kututoa nyumbani wakati jua linawaka. Hilo ndilo watu wa mtaa wetu wa Cimpunda walishindwa kumsamehe. Angekuja mvua ikinyesha tungemwelewa. Hata mtoto mdogo anajua kuogopa maji yanaposhuka mlimani yakiwa mekundu. Lakini yeye alikuja siku ambayo mbingu ni safi, nguo zimejaa kwenye kamba, akina mama wametandaza mihogo juu ya turubai na kila mtu anashukuru kwamba hatimaye kumekauka. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema bila salamu ndefu:

"Mama Amani, leo mutoke. Mubebe batoto, mupande kule juu ku kanisa, ku chapelle. Musingoje."

Mimi ndiye Mama Amani. Ninafundisha shule ya msingi hapa Kadutu, mjini Bukavu, na nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka chini, kwenye mteremko ambao nyumba zimebanana hadi paa la mmoja liko sawa na kizingiti cha jirani yake wa juu. Yeye tulimwita Mpimaji. Alikaa juu yetu, karibu na njia ya magari. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la ukoo pia, lakini tangu utoto wangu sikusikia mtu akiyatumia. Hata mke wake alimwita hivyo hivyo: "Mupimaji, kuya, chakula iko tayari." Mpimaji alifariki kiangazi kilichopita, kitandani, na waliomtukana ndio waliobeba jeneza. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomtukana. Nitafika hapo.

Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kupima mvua na jua, basi. Mvua aliipima kwa mrija wa kioo wenye mistari, kila asubuhi saa moja kamili. Jua alilipima kwa tufe la kioo lililokaa uwanjani juu ya kiguzo. Nyuma ya tufe kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu. Jua likiwaka, tufe lilikusanya mwanga na kuiunguza ile karatasi. Jua likisogea, alama ya moto ilisogea nalo. Wingu likipita, alama ilikatika. Jioni aliitoa karatasi, akapima urefu wa alama, akaandika: leo tumepata saa ngapi za jua. Kesho yake akaweka karatasi nyingine.

Kituo kilipoacha kazi hiyo, yeye hakuacha. Alitengeneza chombo cha mvua kwa mtungi wa plastiki na mrija aliopewa kama zawadi ya kustaafu, akakifunga kwenye nguzo ya ua wake. Jua alilifuata kwa saa ya mkononi na kivuli cha msumari aliopigilia ukutani: kivuli kikionekana aliandika saa, kikipotea aliandika saa. Mkewe alilalamika kwamba ameolewa na mtu anayeuangalia msumari kuliko anavyomwangalia yeye.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa kutembea, bega la kushoto limeshuka kidogo. Alivaa buti za mpira hata mwezi wa saba, vumbi likiwa la kufika vifundoni. Alizungumza Kiswahili chetu, akagombana kwa Mashi, lugha ya kwao, lakini tarakimu zote zilimtoka kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayehesabu vidonge vya mgonjwa. Ukimwuliza habari ya asubuhi, alikujibu kwa milimita za mvua alizozikuta mrijani, kama vile kumi na nane nukta nne: "Dix-huit virgule quatre, mwanangu." Halafu ndipo akakumbuka kuuliza kama umeamka vizuri.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakutaka kabisa mtu alichanganye. Mkewe alipofariki, tulikaa kilio siku tatu uani kwake. Baada ya mazishi nilimsaidia kupanga vitu, nikaliona daftari lake likiwa wazi, na siku zile tatu hazina kitu. Nilikuwa msichana wa sekondari, nikataka kumfurahisha. Nikachukua kalamu.

"Papa," nikamwita kama tunavyowaita wazee wote, "niandike zero? Haikunyesha."

Alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaogopa.

"Hapana. Zero ni siku niliangalia, nikakuta hakuna kitu. Hizi siku sikuangalia. Uziache vide, tupu."

Miaka yote niliyomjua sikumwona analia isipokuwa pale, ameshika mkono wangu juu ya daftari.

Siku ambazo mji ulijifungia kwa sababu ya risasi, sisi tukiwa tumelala sakafuni na magodoro yamewekwa madirishani, yeye alitoka saa moja asubuhi. Baba Zawadi, seremala aliyekaa chini yetu kabisa, alimwona kupitia tundu la mlango. Alitusimulia baadaye, akiapa, kwamba Mpimaji alisimama katikati ya ua mikono juu, akageuka kuelekea barabarani na kupiga kelele: "Ninapima mvula tu!" Halafu akaushusha mkono mmoja, akaufikia mrija, akasoma, akarudi ndani kinyumenyume. Watu walicheka kwa mwaka mzima. Sikujua kama kile kilikuwa ushujaa au ugonjwa, na hata leo sina hakika.

Lakini mtu huyu aliyeijua mvua kuliko yeyote mtaani alikataa kata kata kusema kama itanyesha.

"Miye napima, siagui," alisema. Mama yangu, aliyekausha mihogo kwa ajili ya unga, alipita kwake kila alfajiri: "Mupimaji, nitandaze?" Naye alijibu: "Jana jua ilikuwa masaa sita. Juzi moja. Ya leo nitakuambia magaribi." Mama alimsonya, akaenda kutandaza. Wakati mwingine ilinyesha, mihogo ikaota ukungu, na mama akapita mbele ya nyumba yake bila kusalimia. Alivumilia. Aliamini kwamba mtu wa vipimo akianza kubahatisha, hata vipimo vyake vitakoma kuaminiwa.

Ni yeye aliyenionyesha kilichokuwa kinatokea, na alinionyesha mezani kwake. Kituo kilipotaka kuchoma karatasi za zamani za jua, alizibeba nyumbani kwenye mifuko. Jumapili moja alizipanga safu mbili.

"Hizi ni za zamani, za mwezi wa kumi na moja. Angalia."

Zilifanana. Asubuhi alama ndefu ya moto, saa sita imekatika, baada ya hapo hakuna. Karatasi baada ya karatasi, utadhani zilipigwa na mashine moja. Ndivyo ilivyokuwa mvua ya Bukavu: asubuhi unafua, mchana inanyesha, kila mtu anajipanga.

"Hizi ni za mwisho mwisho, mwezi ule ule."

Ya kwanza ilikuwa imeungua kutoka ukingo hadi ukingo. Ya pili safi, haikuguswa na jua hata kidogo. Ya tatu safi. Ya nne imeungua yote. Ya tano imekatika vipande vipande.

"Jua imepunguka?" nikauliza.

"Ndiyo ile kila mutu ananiuliza. Mvula imepunguka, mvula imezidi. Nikijumlisha mwaka, inakaribiana tu na ya zamani. Ni siku ndizo hazifuatane tena. Leo haijui jana. Zamani ungejua jana, ungejua leo karibu yote. Sasa hapana." Alizikusanya karatasi taratibu. "Mutu anaweza zoea mvula. Anaweza zoea jua. Hii, atazoea namna gani?"

Padri aliposema tuombe mvua, Mpimaji alisimama katikati ya misa, mbele ya kwaya aliyoimba nayo, na kusema kwamba mvua ipo ya kutosha, tuombe siku zipatane. Mzee wa kanisa alimwomba aketi. Aliketi. Wimbo uliofuata aliuimba kwa sauti ya juu kuliko wote.

Shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, alikuwa akilima mpunga Luberizi, kule tambarare chini ya milima. Mwaka mmoja alipanda kuja Bukavu kumwuliza jambo moja tu: avune wiki hiyo au angoje? Mpunga ukikatwa unahitaji siku za jua mfululizo, utandazwe ukauke. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta moto wa mkaa.

"Sipimi kule kwenu," Mpimaji akasema.

"Sikuulize kipimo. Nakuuliza ungekuwa miye, ungekata?"

"Siko weye."

Shemeji akarudi, akakata. Siku ya kwanza jua liliwaka hadi mpunga ukawa moto mkononi. Siku ya pili mvua asubuhi. Ya tatu jua kali. Ya nne na ya tano mvua. Wiki mbili baadaye alikuja tena, amebeba gunia begani tangu kituo cha magari. Hakusalimia. Aliingia, akalifungua, akamwaga mpunga juu ya meza, juu ya daftari lililokuwa wazi. Punje zilikuwa zimeota. Kila moja ilikuwa na mkia mweupe, na harufu ya uchachu ilijaa chumba.

"Pima na hii," shemeji akasema.

Hawakuzungumza tena. Mpimaji alikaa na ule mpunga mezani siku nzima bila kuufagia.

Hata hivyo, si mpunga uliomgeuza. Kilichomgeuza ni mlima. Upande wa pili wa bonde letu, mteremko uliporomoka mchana mmoja ukachukua nyumba nne na watu waliokuwa ndani. Mtaa mzima ulikwenda kuchimba. Yeye pia alikuja na koleo, lakini nilimwona anaacha kuchimba, anapanda hadi mahali udongo ulipokatikia, anapiga magoti na kuingiza mkono ndani ya ufa hadi kwapani. Alikaa vile muda mrefu. Watu walimpigia kelele kwamba si wakati wa utafiti.

Jioni ile alinifuata nyumbani, matope yamemkaukia hadi nywele.

"Niliiona," akasema. "Iko mu kaye, mu ile daftari. Siku nne za mvula ya kidogo kidogo. Mulima unashiba maji. Kisha siku mbili za jua ya moto sana, udongo unapasuka huku juu, kule chini bado ni mubichi. Batu wanafurahi, wanarudia mu nyumba. Kisha mvula moja ya nguvu. Maji inaingia mu pasuko, inashuka mupaka chini." Alipangusa uso kwa mkono mchafu. "Asubuhi nilisoma chiffre yangu ku murija, nikaandika, nikakunywa chai. Nilikuwa na yote mu mukono. Sikusema kwa mutu."

"Papa, usingejua."

"Sikutaka kujua. Ni tofauti."

Tangu siku hiyo akawa yule mtu niliyeanza kumsimulia. Mvua ndogo za siku kadhaa zikifuatwa na jua kali, alivaa buti, akashuka ngazi za udongo mlango hadi mlango. Hakupiga filimbi wala kengele. Alisimama tu mbele yako na kofia mkononi.

Wa kwanza kutoka alikuwa daima Mama Neema. Tulishirikiana naye ukuta mmoja. Bintiye Neema alikuwa darasani mwangu. Mama yake alikuwa mnene na mchangamfu, muuza ndizi, na kupanda mlima kulimchosha kuliko sisi sote, lakini Mpimaji akifika alichukua kigoda chake, khanga mbili na kikapu, akasema: "Twende tukakae kwa Bwana Yesu, pengine leo atatupikia." Kule kanisani aliketi kwenye kigoda na kuwasuka watoto nywele mpaka tuambiwe turudi. Baba Zawadi yeye alitoka wa mwisho, akigomba, randa mkononi.

Mara ya kwanza mvua kubwa ilinyesha, ukuta wa choo ukaanguka. Watu wakamsifu. Mara ya pili ilinyesha kidogo. Ya tatu haikunyesha. Ya nne haikunyesha. Ya tano wezi waliingia nyumbani kwangu tukiwa kanisani, wakabeba sufuria zote na godoro la watoto. Kila jirani alikuwa na malalamiko yake: mihogo iliyoachwa nje, mgonjwa aliyebebwa mgongoni bure, kazi iliyopotea. Na bado hatukuweza kumpuuza, hilo ndilo lililotuchosha. Ulilala ukisikiliza paa. Ukiona jua zuri asubuhi, badala ya kufurahi, ulitazama ngazini: atakuja leo? Tulianza kuliogopa jua, na kwa sababu jua huwezi kulitukana, tulimtukana yeye.

Mara ya sita ilikuwa siku ya mtihani wa darasa la sita. Nilikuwa nasimamia. Jirani alinipigia simu kwamba Mpimaji ameshuka na mama yangu, mgonjwa wa miguu, yuko ndani peke yake. Niliacha wanafunzi kwa mwenzangu, nikakimbia, nikambeba mama hadi kanisani. Tulikaa pale muda wa saa tano chini ya jua la kupasua kichwa. Mbingu haikubadilika rangi. Mkurugenzi wa shule alinipigia mara tatu. Mama alikuwa anatetemeka kwa maumivu. Mpimaji alikuwa anapita katikati yetu anagawa maji kwa kikombe, nami alipofika kwangu nikasimama.

"Papa, inatosha."

Watu wakageuka kututazama.

"Weye ulitufundisha kupima. Mwenyewe ulisema, napima, siagui. Sasa umekuwa mulaguzi? Mara sita! Mama yangu akifia huku njiani, utaandika nini mu kaye yako? Utuache. Kama mulima unataka kuanguka, uanguke, lakini weye usishuke tena kwetu."

Baba Zawadi akapiga makofi. Wengine wakafuata. Mama Neema peke yake alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye nywele za mtoto aliyekuwa akimsuka: "Mwalimu, si vile. Si vile."

Mpimaji alikiweka kikombe chini kwa uangalifu, maji yasimwagike.

"Ni kweli," akasema. "Nilisema vile."

Akavaa kofia yake na kuondoka. Hakushuka tena.

Msimu uliofuata tuliishi kama watu waliopona homa. Tukimkuta barabarani alisalimia kwa adabu na kupita. Nilijiambia amenielewa. Mwezi wa kumi na mbili ilinyesha mvua ndogo siku tano, ile isiyoacha alama dirishani lakini haiishi. Siku ya sita jua likatoka. Lilikuwa jua la ajabu, bati zililia kwa kujikunja. Mama yangu nilikuwa nimempeleka kwa dada yangu wiki hiyo. Siku ya saba jua lilitoka tena, na asubuhi nikiwa natoka na watoto kwenda shule, Mama Neema alikuwa anatandika mablanketi yake yote juu ya kamba.

"Leo hata roho inakauka!" aliniambia. Neema aliposhika mkono wa Amani, mama yake alimwita arudi amfunge kitufe cha shingo, kisha akatuachia.

Saa saba mchana ilinyesha. Ilidumu chini ya saa moja, kwa kishindo ambacho kilinilazimu kunyamaza darasani kwa sababu hakuna mtoto aliyenisikia. Nakumbuka nilikuwa nimeandika nusu ya sentensi ubaoni. Nilisimama na chaki mkononi nikihesabu siku kwa vidole: tano, na mbili. Nilijua kabla simu haijalia.

Mteremko ulikatika chini ya ukuta wetu wa pamoja. Nusu ya nyumba yangu ilibaki imesimama, meza na picha ya ubatizo wa Amani vikionekana kutoka nje. Ya Mama Neema haikuwepo. Baba Zawadi, aliyekuwa chini kabisa, alinusurika kwa sababu alikuwa amekwenda kutafuta misumari. Alichimba kwa mikono hadi kucha zikatoka. Walimpata Mama Neema kabla ya jioni, amekumbatia blanketi. Alikuwa ametoka kuanua nguo.

Neema anaishi kwangu sasa, kwenye vyumba nilivyopanga pale pale mteremkoni, pamoja na mama yangu aliyerudi. Hajaniuliza kitu. Siku akiniuliza nitamwambia.

Mpimaji alikuja mazishini, akasimama mbali. Mwezi huo huo binti yake, mfanyakazi wa ofisi, alikuja kumchukua akaishi naye Muhumba, upande wa Ibanda. Sikwenda kumuaga. Zaidi ya mwaka nilizunguka njia nyingine nikiwa na shughuli Ibanda, ili nisipite kwenye lango lao.

Nilikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa nne, kwa sababu binti yake alinitumia ujumbe kwamba mzee anauliza habari zangu. Nilimkuta barazani, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya majani yaliyokatwa vizuri. Alikuwa amekonda. Miguuni alikuwa na ndala. Macho yalikuwa yameingia ukungu, akanitambua kwa sauti. Hakukuwa na mrija popote uani. Nilitazama.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, yakanitoka yote mara moja. "Papa, nimekuya kuomba pardon. Ni miye nilikukataza. Kama nisingesema vile mbele ya batu, ungeshuka, na Mama Neema angetoka. Alikuwa anatoka daima wa kwanza."

Aliniacha niishie hapo. Kisha akasema:

"Nilishuka."

Sikuelewa.

"Ile siku. Nilisoma kaye asubuhi, nikavaa bottes, nikashuka mpaka pale ngazi inakata kona. Nikamuona Mama Neema anatandika blanketi. Na yeye akaniona. Akanipungia mukono." Aliinua mkono wake mwenyewe, akautikisa kidogo hewani. "Nikafikiri, akikuja wa kwanza, wengine watatoka kucheka. Na jua ilikuwa ya kweli, mwanangu, ilikuwa inanichoma shingo. Nikasema, pengine leo hapana. Nikamupungia. Nikarudia."

Binti yake alitoka na chai, akatuona nyuso zetu, akaiweka na kurudi ndani.

"Basi usinichukulie kosa yangu," akasema. "Si weye ulinirudisha. Ni aibu ndiyo ilinirudisha, nayo ilikuwa yangu tangu zamani, tangu mpunga wa shemeji. Yako iko. Ubebe yako. Lakini yangu uniachie."

Nilikuwa nimekwenda kusamehewa, na hakunisamehe. Hata hivyo nilihisi pumzi inashuka hadi mahali ambapo haikufika kwa muda mrefu. Tulikunywa chai. Jua lilikuwa linawaka juu ya majani na juu ya mikono yetu. Baada ya muda aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Jana kule kwenu kulikuwa namna gani?"

"Jua. Jua kali."

"Na juzi?"

"Jua pia."

"Mbele ya hapo?"

Kabla ya hapo ilikuwa mvua ndogo, toka Jumapili. Sikuwa nimeihesabu. Mtu kama mimi, baada ya yote yale, sikuwa nimeihesabu. Nikageuka kutazama upande wa Kadutu: mbingu safi, wingu moja jeupe lililosimama nyuma ya kilima. Nikamtazama yeye, nikingoja aseme. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na macho yake yasiyoona yamenielekea mimi.

"Miye siko tena kule," akasema. "Siioni tena."

Nilitoa simu. Wa kwanza niliyempigia ni Baba Zawadi, ambaye amejenga tena, juu kidogo ya pale pa zamani, kwa sababu hana kwingine.

"Mwalimu, salama?"

"Baba Zawadi, mutoke. Utoe batoto, ugonge kwa majirani, mupande ku chapelle."

Kisha nikasikia randa ikiwekwa chini.

"Jua iko inawaka huku."

"Najua. Hata huku inawaka."

"Na weye umeanza?" Sauti yake haikuwa na kicheko. "Nani amekuambia? Ni ule muzee?"

Nilimtazama Mpimaji. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Ni miye," nikasema. "Toka, Baba Zawadi. Nakuja."

Alinitukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Lakini kabla simu haijakatika nilisikia anamwita mkewe kwa sauti kubwa. Nikapiga namba ya pili, ya nyumbani kwangu, na ya tatu. Niliondoka Muhumba bila kuaga vizuri, nikiwa bado na simu sikioni, nikapanda pikipiki hadi Cimpunda. Nilimkuta Amani na Neema wamekwisha kumsaidia mama yangu kupanda. Watu zaidi ya thelathini walikaa mbele ya kanisa wakinitazama, na hakuna aliyenisogezea nafasi ya kukaa. Wingu lile lilikuja hadi juu yetu, likafunika jua kwa dakika chache, likapita kuelekea ziwani.

Saa kumi na moja simu yangu ililia. Ni Mpimaji, alikuwa ameazima ya binti yake.

"Imenyesha?"

"Hapana, Papa. Hata tone."

"Batu walitoka?"

"Wote."

Nyuma yangu Baba Zawadi alikuwa anakunja mkeka wake kwa hasira, akimwambia mkewe kwamba sasa tumepata mwingine.

"Bon," akasema Mpimaji. "Na kesho, kama jua itawaka, uwatoe tena."